Pikipiki unayoipenda: uibadilishe au uitunze?

Wiki hii tuache kidogo mambo ya kabichi na viuatilifu. Wengi mmeniuliza kwa nini Bwana Shamba bado anatembelea Yamaha DT 125 ya zamani, wakati vijana wa bodaboda wana pikipiki mpya. Swali hilo limekuwa langu pia mwaka huu, kwa hiyo tulijibu pamoja.

Nianze na ukweli: naipenda. Iko juu, mawe hayaigusi tumboni. Shokapu yake ya nyuma ni moja, na inameza mashimo. Ukipanda Nyandira wakati wa masika, matope yamefika kwenye ekseli, bado inavuta. Wakulima wangu wanaujua mlio wake kabla hawajaniona.

Lakini mapenzi hayalipi fundi. Injini imeanza kupungua nguvu, na fundi anasema bloku inahitaji kuchongwa tena. Mnunuzi amekuja na fedha mkononi. Naweza kuuza na kununua DT nyingine iliyochoka kidogo kuliko yangu, au nikaongeza fedha nikachukua Boxer mpya. Mke wangu amenikumbusha kwamba fedha ya kuongeza ndiyo ile ile ya ada ya mtoto. Amesema kweli.

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana: "Usiache mbachao kwa msala upitao," na "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ya kwanza inakuonya usikimbilie kipya, ya pili inakukumbusha jinsi kinavyovutia. Ili kuamua, nilichukua daftari nikajiuliza maswali manne. Nawe jiulize hayo hayo.

1. Kinachokufa ni nini? Ringi, pistoni, cheni, tairi na klachi ni vitu vya kuisha. Kuvibadilisha ni matunzo ya kawaida. Bloku nayo huchongwa ikawekwa pistoni kubwa kidogo, ila haichongwi milele. Fremu ikipasuka au kupinda, hapo fikiria kuachana nayo. Fremu yangu ni nzima.

2. Spea ziko wapi? Spea za Boxer unazipata hata dukani kijijini. Za DT mara nyingi nashuka Morogoro mjini. Siku ninayoshuka kutafuta spea, kuna shamba ambalo sikulifikia. Hiyo nayo ni gharama, iandike.

3. Inakula kiasi gani? Injini ya DT huchoma oili pamoja na petroli, na petroli yenyewe haionei huruma. Tuseme unatembea kilometa 750 kwa mwezi. Pikipiki inayokwenda kilometa 25 kwa lita itakula lita 30. Inayokwenda kilometa 50 kwa lita itakula lita 15. Tofauti ni lita 180 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya petroli ya kwenu, ndipo utajua mapenzi yako yanagharimu kiasi gani.

4. Hiyo nyingine unaijua? Hili ndilo lililoniamulia kuhusu DT ya pili. Yangu najua kila nati yake. Ile ya mtu mwingine ningenunua jina lile lile na matatizo nisiyoyajua. Kadi hubadilishwa jina TRA, lakini mazoea hayahamishwi.

Uamuzi wangu ni huu. DT nyingine sinunui. Hii naichonga bloku, naitumia msimu mmoja zaidi, na kila mwisho wa mwezi naweka akiba ya pikipiki inayokula kidogo, bila kugusa ada. Mpaka nimeuandika: fremu ikipasuka, au bloku ikifika mwisho wa kuchongwa, nauza bila kubembelezana nayo. Mke wangu ameusoma mpaka huo, na nakala anayo yeye.

Ukiamua kununua iliyotumika, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi kabla ya kutoa fedha, na ubadilishe jina mapema. Iwashe ikiwa imepoa. DT kutoa moshi mwepesi ni kawaida yake. Boxer ikitoa moshi wa bluu, oili inaungua ndani, punguza bei au ondoka.

Maswali haya yanafaa pia kwa ng'ombe wa maziwa aliyezeeka, plau ya baba, au mashine ya kukoboa iliyokujengea nyumba. Kupenda mali yako si kosa. Ila ukipenda, lipia ukijua unalipa kiasi gani, na andika mapema siku ya kusema basi.

Kazi njema, tuonane shambani.