Vumbi la Elmenteita na Karo ya Shule

Mama mwenzangu, kama hujawahi kuteremka Bonde la Ufa alfajiri, mwombe Mungu akujalie siku moja. Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja asubuhi, Jumamosi ya tarehe 30 Machi, 2024, mkesha wa Pasaka. Tulipopita Limuru tukashika barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Ukungu ulipofunguka tukaliona bonde lote limelala mbele yetu, na Mlima Longonot umesimama peke yake kama mlinzi. Watoto wetu watatu, waliokuwa wakigombania dirisha, walinyamaza. Hata mimi, niliyetoka nyumbani na moyo mzito, nilijikuta nasema, "Bwana asifiwe."

Tulikuwa tukienda Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, kutazama mbio za magari za Safari Rally. Gari tulilopanda lilikuwa la shemeji. Letu lilikuwa limebaki nyumbani chini ya turubai, na ndilo lililonitia uzito moyoni.

Gari chini ya turubai

Mume wangu ni mtu mwema. Hanywi pombe, halali nje, na Jumapili yumo kanisani pamoja nasi. Lakini anapenda magari. Mwaka wa 1978, akiwa mtoto wa miaka sita, baba yake alimbeba mabegani kando ya barabara kuona magari ya Safari yakipita. Mwaka huo Peugeot 504 ndiyo iliyoshinda, na tangu siku hiyo gari hilo halijamtoka moyoni. Ndiyo sababu alinunua Peugeot 504 kuukuu isiyotembea, akasema ataifufua kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba pesa zake haziendi baa. Nikaja kugundua kuwa pesa zinazokwenda Kirinyaga Road nazo hazirudi. Kina mama wa Nairobi mnaijua barabara hiyo, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Duka kwa duka ni spea: taa, vioo, milango, injini zilizopangwa kama mitungi ya maji. Mtu huenda kutafuta nati moja, akarudi na bampa.

Bei ya gari bovu si bei ya gari. Hiyo ni ya kufungulia mlango tu. Baada yake huja fundi, rangi, matairi, betri, bima, na nauli ya kumfuata fundi aliyechukua malipo ya kwanza akapotea. Kila kimoja ni kidogo, na kwa sababu ni kidogo hakiandikwi popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwezi wa Januari mwaka huo binti yetu wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa salio la karo la shilingi 22,000. Baba yake alisema hana, tungoje mwisho wa mwezi. Siku ya pili nilikwenda stoo kuchukua mkaa, nikaona kitu kizito kimefungwa kwa gunia. Ilikuwa giaboksi. Risiti ilikuwa ndani yake: shilingi 38,000.

Sitaeleza yote tuliyoambiana usiku ule. Yatosha kusema kuwa mtoto alikuwa chumba cha pili na alisikia. Karo ililipwa kwa mkopo wa chama changu. Nami tangu siku ile nikaanza kuficha. Mgao wangu wa chama niliutia katika bahasha chini ya unga, nikimwambia mume wangu kuwa mwaka huu chama hakikufanya vizuri. Nilijiambia kuwa ninawalinda watoto. Kweli nilikuwa nikilipiza kisasi.

Kanisa la wafungwa

Chini ya mteremko wa Mai Mahiu, kando ya barabara, kuna kanisa dogo sana la Kikatoliki. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa kivita kutoka Italia, waliokuwa wakitengeneza barabara ile wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Watu wachache tu wakiingia, limejaa. Tulisimama hapo tunyooshe miguu.

Niliwafikiria wanaume wale, mbali na wake na watoto wao, hawajui kama watarudi, na bado wakapata nguvu ya kumjengea Mungu nyumba. Mume wangu alinishika mkono akasema, "Mama, tuombe." Nilifumba macho, lakini sikuona kitu ila bahasha chini ya unga. Ni vigumu kuomba na mtu unayemficha jambo.

Vumbi na sauti

Kutoka Naivasha tulipita Gilgil, tukafika Soysambu jua likiwa limechomoza. Ziwa Elmenteita ni la magadi, na kingo zake huonekana nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Nyuma yake kuna mlima uliokaa kama mtu aliyelala chali, ndiyo maana huitwa Shujaa Aliyelala. Watu walikuwa wamekuja na viti, blanketi, chai ya chupa na viazi vya kuchemsha. Ilikuwa kama mkutano wa injili.

Mara ikasikika ngurumo, halafu vumbi. Udongo wa huko ni laini kama unga wa ngano. Gari lilipita, likatoweka, likatuacha tumepakwa weupe hadi kwenye kope. Watoto walipiga mayowe. Mume wangu alikuwa amesimama na kofia mkononi, na kwa dakika moja nilimwona yule mtoto wa miaka sita. Nikaelewa kuwa si upuuzi. Ni kitu alichoachiwa na baba yake.

Tukingoja gari lililofuata aliwasimulia watoto historia. Mbio hizo zilianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, na ushindi wake wa kwanza, mwaka wa 1965, aliupata kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika, ndugu yake Jaswant akiwa kando yake. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Baada ya mwaka wa 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia kwa sababu ya matatizo ya fedha na maandalizi, ikakaa nje hadi mwaka wa 2021.

"Kumbe hata Safari yenyewe iliishiwa," nilisema. Alicheka, lakini alinitazama.

Nikamwuliza, "Na huyu anayekaa kando ya dereva, kazi yake nini?"

"Huyo ni mwelekezi," akajibu. "Dereva haoni mbele ya kona. Mwelekezi ndiye anayemsomea: kona kali kushoto, jiwe kulia, usikate."

"Amejuaje?"

"Kabla ya mbio hupitia njia ile mara mbili, polepole. Dereva anasema anachokiona, mwelekezi anaandika. Siku ya mbio hakuna wakati wa kubishana. Husomwa kile walichokubaliana."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Vumbi likapita kati yetu. Kisha akasema polepole, "Mimi nimekuendesha bila kukupa daftari."

Nikamwambia habari ya bahasha.

Tulichoandika

Hatukumaliza jambo hilo pale. Siku ya pili ilikuwa Pasaka, tukaenda ibadani, na mbio zikamalizika kwa ushindi wa Kalle Rovanperä wa Ufini akiwa na mwelekezi wake Jonne Halttunen. Jumatatu usiku, watoto walipolala, tuliketi mezani na daftari la shule la kurasa 96. Yeye alileta risiti zote alizokuwa nazo, nami nikaleta bahasha ikiwa bado na unga. Tulipojumlisha, miezi kumi na minne ya gari ilikuwa imekula karo ya mwaka mzima na zaidi. Alishika kichwa. Sikumwambia neno, maana takwimu zilikuwa zimeshasema.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ni lazima aketi kwanza apige hesabu ya gharama. Mtu huyo hakukatazwa kujenga. Ndivyo tulivyofanya. Tuliandika kwanza fungu la kumi, kisha kodi ya nyumba, chakula, karo, matibabu na akiba ya dharura. Baada ya hayo tukaandika mstari mmoja: "Gari la Baba." Mstari huo una kiasi chake kila mwezi, na kiasi hicho nilikubali kwa moyo wangu wote. Chini yake tukaandika mwingine: "Mambo ya Mama." Nilishangaa, kwa maana miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na mstari wangu.

Tulikubaliana pia kuwa hakuna kukopa kwa ajili ya gari, na kitu chochote kinachozidi shilingi 3,000 huulizwa kabla ya kununuliwa. Karo ya muhula unaofuata huanza kuwekwa muhula huu. Akitaka zaidi ya kiasi chake, hutengeneza magari ya majirani Jumamosi, na ujira huo huingia kwenye kopo la Peugeot. Nami nikaacha kuficha.

Dada yangu, usidhani tumekuwa malaika. Kuna mwezi alinunua taa ya nyuma akaniambia baada ya siku tatu. Kuna mwezi mimi nilikopa katika mstari wake kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Lakini tunaandika, na mwisho wa mwezi tunasomeana.

Ikiwa mume wako ana kitu anachokipenda, liwe gari, ng'ombe wa maonyesho au kinanda, usianze kwa kukitukana. Muulize kilianzia wapi, umsikilize mpaka mwisho. Kisha, wakati nyumba imetulia na hakuna mtoto aliyefukuzwa shule, lete daftari. Zungumzeni polepole kabla ya kona, maana mkishafika konani kwa mwendo wa kasi, kila mmoja atapiga kelele na hakuna atakayesikia. Na kama wewe nawe una bahasha chini ya unga, itoe kwanza.

Peugeot yetu bado haijakwisha. Giaboksi imefungwa, lakini viti havijapata vitambaa na mlango mmoja ni wa rangi nyingine. Binti yetu hajarudishwa nyumbani tena kwa ajili ya karo. Jioni nyingine humshikia baba yake tochi akiwa chini ya gari, nami huwapelekea chai.