Duara Lisigeuke Yai: Uwiano wa Picha Tunapounganisha Kishikwambi na Televisheni

Katika vyuo vyetu hutiliwa mkazo kwamba kielelezo kizuri ni kile kinachoonekana na wanafunzi wote, hata yule aliyeketi nyuma kabisa. Jambo hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kielelezo hakina budi pia kuwa na umbo lilelile la kitu kinachoelezwa. Mchoro mkubwa uliopotoka waweza kumdhuru mtoto kuliko mchoro mdogo ulio sahihi, kwa sababu huonekana vizuri zaidi na hukaa akilini kwa muda mrefu zaidi.

Makala haya yanahusu upotovu mmoja ulioingia madarasani pamoja na vifaa vipya. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, vikiwemo vile vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Kioo cha kishikwambi ni kidogo mno kwa darasa lenye watoto wengi, na kwa hiyo walimu wenye bidii wamekuwa wakikiunganisha na televisheni ya shule, au hata ya kuazima. Bidii hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, katika safari zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha tumekuta mara nyingi picha zilizovutwa kwa upana. Mraba umekuwa mstatili, duara limekuwa yai, na somo linaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku moja tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la nne, tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha maumbo. Somo lilikuwa limeandaliwa vema. Juu ya meza paliwekwa televisheni ya inchi 32, nayo ilionyesha maumbo manne yenye rangi za kupendeza. Mwalimu aliuliza ni nani awezaye kumwonyesha duara. Binti mmoja wa safu ya pili alisimama, akatazama kwa makini, kisha akasema, "Mwalimu, hapo duara halipo. Lipo yai." Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwambia aketi, akamwita mwingine, ambaye bila kusita aliligusa lile umbo na kupigiwa makofi.

Kipindi kilipokwisha tulimwomba mwalimu yule achukue rula alipime umbo lenyewe. Kimo chake kilikuwa sentimita 24, na upana wake sentimita 32. Kutoka katikati hadi ukingo wa juu zilikuwa sentimita 12, na kutoka katikati hadi ukingo wa pembeni zilikuwa 16. Maadamu duara ni umbo ambalo kila nukta ya ukingo wake iko umbali ule ule kutoka katikati, binti yule alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameyatumia macho yake kama inavyompasa mwanafunzi wa hisabati, na malipo yake yakawa kicheko. Yule aliyepigiwa makofi alikuwa amekisia tu jibu linalotakiwa na mwalimu.

Mwalimu yule alifanya jambo la heshima. Kesho yake alimwita binti mbele ya darasa, akampa rula, akamwomba apime na kuwatajia wenzake vipimo, kisha akawaambia watoto wote kwamba jana mwenzao alikuwa ameona sawasawa. Lakini si kila siku mkaguzi atakuwapo nyuma ya darasa na rula mkononi. Kwa hiyo inatupasa sisi walimu kukijua chanzo cha upotovu huu na dawa yake.

Chanzo ni uwiano wa upana kwa kimo. Kila kioo kina uwiano wake. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, yaani kwa kila sentimita 4 za upana zilikuwapo sentimita 3 za kimo. Televisheni za siku hizi ni 16 kwa 9. Vishikwambi havina kanuni moja. iPad ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa 4 kwa 3, na vishikwambi vingi vya Android ni 16 kwa 10. Tunapopeleka picha ya kioo kimoja kwenye kioo cha uwiano mwingine, ni sawa na kutaka karatasi ya umbo moja ienee barabara katika fremu ya umbo jingine. Lazima kitu kimoja kiachwe.

Televisheni inaweza kufanya moja kati ya mambo matatu. Jambo la kwanza ni kuivuta picha mpaka ijaze kioo chote. Picha ya 4 kwa 3 ikivutwa hivyo, upana wake huongezeka kwa theluthi moja, na ndiyo maana sentimita 24 zilikuwa 32. Picha ya 16 kwa 10 huongezeka kwa sehemu moja ya tisa, hata duara la sentimita 18 likawa na upana wa sentimita 20. Kasoro hii ya pili ni ya hila zaidi, kwani jicho la mtu mzima huizoea upesi.

Jambo la pili ni kuikuza picha bila kuivuta, kisha kukata kinachozidi. Maumbo hubaki sahihi, lakini picha ya 4 kwa 3 hupoteza robo ya kimo chake, nusu ya robo hiyo juu na nusu chini. Kichwa cha somo hupotea, na mara nyingi ufunguo wa ramani nao hupotea.

Jambo la tatu ni kuionyesha picha nzima katika umbo lake, na kuacha sehemu nyeusi kando. Katika televisheni ya inchi 32, ambayo kioo chake ni kama sentimita 71 kwa 40, picha ya 4 kwa 3 itachukua upana wa sentimita 53, na kila upande utabaki weusi wa sentimita 9 hivi. Walimu wengi huuona weusi huo kuwa ni ubovu, wakabonyeza vitufe mpaka utoweke. Kufanya hivyo ni kununua ukubwa kwa kuuza ukweli. Weusi ule ni ishara kwamba picha imehifadhiwa ilivyo, kama vile pambizo la ukurasa wa kitabu.

Tufanyeje, basi? Tunashauri kila mwalimu aandae ukurasa mmoja wa kupimia na kuuhifadhi katika kishikwambi chake. Katikati ya ukurasa achore duara moja na mraba mmoja, akihakikisha kwa rula juu ya kioo cha kishikwambi kwamba upana na kimo vinalingana. Katika pembe nne za ukurasa, karibu kabisa na ukingo, aandike herufi A, B, C na D. Kabla watoto hawajaingia, aunganishe vyombo, afungue ukurasa huo, kisha apime juu ya kioo cha televisheni.

Majibu yatakuwa wazi. Ikiwa duara ni duara na herufi zote nne zinaonekana, kazi imekwisha. Ikiwa herufi zote zipo lakini duara limekuwa yai, picha imevutwa. Ikiwa duara ni sahihi lakini herufi zimepotea, picha imekatwa. Na ikiwa picha ni nyembamba iliyosimama katikati ya weusi mpana, huenda kishikwambi kimeshikwa wima. Kilazwe kwa upana, na kufuli la kuzungusha kioo lifunguliwe.

Picha ikiwa imevutwa au kukatwa, tuanze na televisheni yenyewe. Katika rimoti nyingi kuna kitufe chenye neno la Kiingereza "Zoom", "Aspect" au "P.Size". Kisipokuwapo, tutafute mipangilio ya picha katika orodha ya televisheni. Tubadilishe hatua moja moja, na kila mara tuutazame ukurasa wa kupimia. Baadhi ya televisheni mpya bado hukata ukingo kidogo pande zote, desturi iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani, ambazo zilificha kingo za picha kwa makusudi. Ikiwa herufi zimekatwa nusu tu, tutafute mpangilio unaoitwa "Just Scan" au "Screen Fit", au jina jingine lenye maana hiyo. Tukumbuke pia kwamba televisheni nyingi huhifadhi mpangilio wa kila tundu peke yake. Tukilihamisha waya kutoka tundu la kwanza hadi la pili, hatuna budi kupima upya.

Ikiwa mipangilio yote ya televisheni imejaribiwa na duara bado ni yai, shaka iende kwenye kiunganishi kilicho katikati. Kosa hili ni la kawaida katika shule zenye televisheni ya zamani ya 4 kwa 3, inayopokea picha kupitia kisanduku cha kubadilishia chenye waya za rangi nyekundu, nyeupe na njano. Vingi vya visanduku hivyo huibana picha ya 16 kwa 9 katika kioo cha 4 kwa 3, na duara hurefuka kwenda juu badala ya kutanuka. Wengi wetu tuliyaona hayo nyumbani matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Ving'amuzi viliunganishwa na televisheni kuukuu, na wasomaji wa habari wakawa wembamba ghafla. Televisheni ya zamani ikiwa na mpangilio wa 16 kwa 9, tuuchague. Ikiwa haina, tusiitumie kwa maumbo wala ramani.

Mara nyingine upotovu huanzia mikononi mwetu wakati wa maandalizi. Mwalimu huingiza picha katika ukurasa wa somo, akaona ni ndogo, akaivuta kwa kushika ukingo wa pembeni. Hapo ameipotosha kabla haijafika kwenye waya wowote, na hakuna rimoti itakayoiponya. Picha ishikwe kwenye pembe, ili upana na kimo vikue pamoja. Aidha, ni vema kuuchagua tangu mwanzo ukurasa wa uwiano wa televisheni itakayotumika.

Huenda mwalimu akauliza kama jambo hili linastahili taabu yote hiyo. Jibu hutegemea somo. Hadithi iliyoandikwa kwa herufi kubwa itasomeka hata ikivutwa, na wimbo utaimbika. Lakini katika maumbo, pembetatu sawa iliyolala juu ya kitako chake hugeuka kuwa pembetatu pacha, na mwalimu anayefundisha tofauti ya hizo mbili atakuwa anabomoa huku akijenga. Katika saa ya ukutani, mshale wa dakika hurefuka unapoelekea 3 na kufupika unapoelekea 12. Katika jiografia madhara ni makubwa zaidi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, na limelala zaidi kutoka kaskazini kwenda kusini. Ramani ikivutwa kwa theluthi moja, mstari wa kipimo uliochorwa kwa mlalo huvutwa pamoja nayo. Mtoto atakayelipima ziwa kwa mstari huo, bila kukosea hata hatua moja, atapata urefu unaokaribia kilomita 500 tu. Atakuwa amefuata kanuni zote tulizomfundisha, nasi tutamwekea alama ya kosa.

Hali ikikataa kabisa, yaani umeme ukikatika au kiunganishi kikiwa kibovu, ubao na chaki vingalipo. Kamba yenye urefu wa sentimita 30, ncha moja ikishikiliwa katikati ya ubao na nyingine ikifungwa chaki, hutoa duara ambalo halina haja ya rimoti. Mwalimu mwerevu huenda darasani na kamba hiyo mfukoni hata siku ambayo televisheni inafanya kazi, kwani watoto wakiona duara likizaliwa kwa kamba hupata pia maana ya nusu kipenyo, jambo ambalo picha iliyokwisha kuchorwa haiwapi.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila mwalimu mwanafunzi afanye zoezi lifuatalo kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Aandae ukurasa wa kupimia kama tulivyoeleza. Auonyeshe katika televisheni mbili tofauti, na kwa kila mpangilio wa picha aandike upana na kimo cha duara, kisha atafute uwiano wake. Mwishoni aandike katika andalio lake la somo jina la mpangilio uliotoa uwiano wa 1 kwa 1, pamoja na namba ya tundu lililotumika. Kazi hiyo haitazidi nusu saa. Akifika shuleni airudie kwa televisheni atakayoikuta huko, na rula iwe miongoni mwa zana zake.