Kamera Gani Tuchukue? Safari ya Bibi na Wajukuu Dubai



Ndugu wasomaji, tangu turudi kutoka Dubai, Agosti 2024, familia kadhaa zimetuuliza swali moja: mlichukua kamera gani? Tumeona tulijibu hapa mara moja, kwa kuwa likizo za shule haziishi na wazazi wengi sasa wanawapeleka watoto kwenye bustani kubwa za michezo, iwe Dubai, Abu Dhabi au Ulaya kwa walioko huko. Lakini jibu letu halianzi na kamera. Linaanza na Kudha, maana bila ya Kudha hamtaelewa kwa nini tuliacha nyumbani kamera ghali tukachukua ya bei ndogo.

Kwa wasioijua, Kudha ni kisiwa kimoja katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo, katika ile safu inayoteremka kuelekea Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Huko ndiko alikozaliwa Bibi yetu, na huko ndiko alikoolewa. Vita vilipochacha Somalia mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda mashua wakaja Kenya, na wengi wao wakakaa kambi ya Jomvu, Mombasa, mpaka ilipofungwa mwaka 1997. Mtu anayekimbia kwa mashua usiku hachukui albamu. Anachukua watoto, maji na unga. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna hata picha moja ya Babu, Allah amrehemu. Watoto wakiuliza alikuwa na sura gani, huonyeshwa mjomba wao mmoja na kuambiwa, "Mfanye mweusi kidogo, mrefu kidogo." Picha ya zamani kabisa ya Bibi mwenyewe ni ile ya studio ya kitambulisho, amekaza uso kama anayedaiwa.

La ajabu ni kwamba picha za watu wa visiwa vyetu zipo, ila haziko kwetu. Mtaalamu wa Kitaliano, Vinigi Grottanelli, alichapa mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya Wabajuni, jina lake *Pescatori dell'Oceano Indiano*, yaani wavuvi wa Bahari ya Hindi, na ndani yake mna picha. Ziko katika maktaba za Ulaya, na kabatini kwetu hakuna kitu.

Mtasema, basi si mngempeleka Bibi Kudha? Mwaka 2014 kulipiganwa kisiwani humo baina ya al-Shabaab na askari wa Jubaland na wenzao, na mpaka leo safari ya huko na watoto kumi na mmoja si jambo la kuzungumza. Ukoo wetu umegawanyika: wengine London, wengine Dubai, sisi tuko Mombasa. Tulihitaji wakati ambao shule za Kenya na za Uingereza zimefungwa pamoja, tukachukua Agosti, na Agosti jua la Dubai halina huruma. Ndipo tukachagua IMG Worlds of Adventure, bustani iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo yote imo ndani ya jengo moja kubwa lenye ubaridi. Watoto wapande pembea zao, Bibi akae kwenye kiti akunywe chai yake.

Wiki moja kabla ya safari tulitandaza vyombo vyote juu ya mkeka. Kulikuwa na kamera kubwa ya familia na lenzi yake ndefu ya kuvuta mbali, kamera ndogo ya mfukoni, kamera ile ya wanamichezo inayofungwa kifuani au kichwani, fimbo ya kujipigia picha, tripodi, simu nne, na kimaikrofoni cha kubana kwenye nguo ambacho kijana wetu wa chuo alikinunua kwa kazi zake za masomo. Kila mtu alikuwa na kipenzi chake, na mjadala ulikuwa mrefu kuliko ule wa tiketi.

Kamera kubwa ndiyo iliyotoka kwanza. Lenzi yake peke yake ina uzito wa kilo moja na nusu, na zaidi ya uzito, huondoa mtu mmoja katika familia. Mwenye kuibeba ni mpiga picha siku nzima, na katika picha zote za safari hayumo. Tuliangalia albamu ya harusi ya mwaka 2011 tukaona ni kweli: mjomba aliyepiga picha zote ni kama hakuhudhuria. Tena ndani ya jengo lile mwanga ni hafifu na wa rangirangi. Lenzi ndefu huhitaji mwanga mwingi au mkono usiotikisika, na mkono wa mtu anayemshika mtoto wa miaka minne hutikisika. Lenzi fupi inayofunguka sana, ya f/1.8 kwa mfano, humeza mwanga mara nyingi zaidi. Kamera yetu ya mfukoni ina lenzi ya namna hiyo. Ikaingia.

Kamera ya wanamichezo ilitetewa na vijana kwa nguvu zote. Walitaka kujirikodi wakiwa juu ya rola kosta. Lakini bustani nyingi za aina hii haziruhusu kitu kisichofungwa mwilini kwenye pembea za kasi, kwa sababu kikidondoka kutoka juu kinaweza kumuua mtu chini. Fimbo nayo ni hivyo hivyo. Disney walizipiga marufuku katika bustani zao tangu mwaka 2015. Zote mbili zikabaki. Mzazi, kabla hujanunua kitu kwa ajili ya safari, fungua kwanza kanuni za bustani yenyewe usome.

Droni hatukuwa nayo, alhamdulillah, maana Falme za Kiarabu zina masharti makali juu yake. Kuna na jambo jingine la sheria ambalo wageni wengi hawalijui. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021, iliyoanza kazi Januari 2022, inakataza kumpiga mtu picha bila ya ridhaa yake, hata mahali pa watu wote, ikiwa ni kuingilia faragha yake. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini kuanzia dirhamu 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Kwa hiyo yule mama wa watu aliyekaa nyuma ya mwanao na watoto wake si pambo la picha yako. Zungusha kamera, piga upande wa ukuta.

Hapa tunafika kwenye jambo lililotupa shida zaidi, nalo ni picha za wanawake wetu wenyewe. Pwani yetu ina desturi ya zamani katika hili. Bakor Studio ya Lamu ilipiga picha za watu wa pwani tangu miaka ya 1960, na mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2013, juu ya namna watu wa pwani wanavyoishi na picha: ipi ionekane, na nani, na wapi. Zamani jibu lilikuwa jepesi, picha ilikuwa karatasi na karatasi ilikuwa ndani ya sanduku. Simu imeharibu hesabu hiyo. Mabinti wakipigana picha chumbani hotelini, bila ya mitandio, kwa furaha yao ya halali, simu nyingi huzipandisha picha zile kwenye akaunti ya mtandaoni zenyewe, bila ya kuuliza. Na akaunti yetu moja ya familia hufunguliwa na shemeji, na wakwe, na kompyuta ya ofisini.

Ndipo kamera ya mfukoni ikapata sababu ya pili, na hii ndiyo iliyomaliza mjadala: haina intaneti. Tulinunua kadi mbili za kumbukumbu. Moja ya wote. Ya pili ikatiwa alama ya rangi ya kucha nyekundu, ikakabidhiwa shangazi mkubwa, na haikutoka mkobani mwake ila chumbani kwa wanawake. Kadi ya pili ni pesa kidogo sana kulinganisha na amani iliyoleta. Mabinti walicheka mbele ya kamera kama hatujawaona wakicheka.

Mambo madogo tuyapitie haraka. Betri za akiba na pawabenki huwekwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini ya ndege. Mpaka ni saa za wati 100. Ile ya 20,000 mAh ni kama 74, kwa hiyo inapita. Ila wanaosafiri sasa kwa Emirates wajue kwamba tangu Oktoba 1, 2025 kila abiria anaruhusiwa moja tu na haitumiwi ndani ya ndege. Tripodi tuliiacha, kiti na mkoba vilitosha kuwa tripodi. Na kwa nyumba za pwani kama Mombasa, kamera ikirudi safarini isifungiwe kabatini na unyevu wake. Weka vile vifuko vya silika, la sivyo lenzi huota kuvu.

Moja tulikumbushwa na kijana wa Dubai, na lilitusaidia sana. Ukitoka kwenye jengo la ubaridi kuingia joto la nje, hewa ya bahari ile, kioo cha lenzi hujaa mvuke papo hapo. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo ipate joto polepole kama nusu saa. Bibi alipotuona tunaifunga alisema wavuvi nao hufunga vitu vyao hivyo hivyo, ila wao ni kwa ajili ya chumvi.

Na kimaikrofoni? Wengi walikicheka, kikaingia kwa kura moja. Watoto wetu wa Mombasa wanasema Kiswahili cha mjini, wa London wanasema kidogo, na Kibajuni cha Bibi hakisemwi na mjukuu hata mmoja. Kwake yeye *mtu* ni *mchu*, na *tatu* ni *chachu*. Wataalamu kama Derek Nurse wamekiandika Kibajuni vitabuni, lakini sauti ya Bibi haimo kitabuni. Kwenye bustani makelele ni mengi, huwezi kurikodi neno. Kwa hiyo siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, wajukuu walikaa zuliani chumbani kwake, tukambana maikrofoni kwenye mtandio, simu ikaegemezwa kwenye birika. Tulimwomba aanzie pale mashua ilipoondoka. Akakataa, akaanza na visima: kipi kilikuwa na maji matamu, kipi cha chumvi, nani aliyemfundisha kuteka. Kisha akamtaja Babu, alivyokuwa akitembea, bega moja juu kuliko jingine. Mjomba yule anayefanana naye alisimama ghafla akatoka nje. Video ina dakika 38.

Mchana wake, mbele ya dinosauri wa bandia, tukapiga ile picha tuliyoifuata: Bibi katikati, wajukuu kumi na mmoja, wazazi wote, na mpiga picha ni mfanyakazi wa bustani tuliyemwomba kwa adabu. Kamera ndogo mtu yeyote anaweza kuishika, huyo hakuhitaji hata kuelezwa. Tulichapisha nakala tano katika studio moja hapa Mombasa. Ya Bibi iko sandukuni, chini ya kanga.

Ugomvi uliobaki ni wa video. Mjukuu wa London anataka iwekwe mtandaoni, anasema Wabajuni waliotawanyika wote wana haki ya kusikia majina ya visima vile, na hoja yake si dhaifu. Bibi amesema sauti ipelekwe popote, uso hapana. Kijana wa chuo sasa anatenganisha sauti na picha, na ameahidi kumaliza kabla ya Ramadhani inshaAllah.