Upasuaji Utakaoishi Nao Masoko

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako wote, nikaikuza na ile picha ya karatasi uliyopewa kliniki yenye maneno matatu: puto, slivu, baipasi. Unaniuliza uchague ipi. Unasema dada uliyekaa naye kwenye benchi alikwambia slivu ndiyo wanayofanyiwa wengi siku hizi, na shemeji yako anang'ang'ania puto kwa sababu halina kisu. Ndaga fijo kwa kuniuliza kabla ya kusaini. Miaka yangu mingi ya uuguzi niliimalizia wodi ya upasuaji, kwa hiyo nitakujibu kama mama yako mkubwa, na kama muuguzi pia.

Kwanza, usimwombe mtu radhi kwa kufika hapo ulipofika. Wanaokwambia "funga mdomo tu" hawajui wanachokisema. Kilo 118 kwa urefu wa sentimita 162 ni BMI ya 45. Tangu 1991 mabingwa walikubaliana kwamba mtu akifika 40 upasuaji ufikiriwe, au 35 akiwa na ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vyao vikashusha kiwango hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Wewe una kisukari mwaka wa nne huu, una presha, na magoti yanakulilia ukipanda kilima cha kwenda sokoni. Mwili uliofikia uzito huo huupigania: ukipunguza kilo tano, njaa inaongezeka na mwili unaanza kubana matumizi. Umefunga, umetembea, umekunywa zile chai za kwenye Instagram ambazo hazikukupa chochote zaidi ya kuharisha. Hukushindwa kwa uvivu.

Pili, ni heri umekwenda Hospitali ya Mloganzila kule Dar. Zamani mtu wa huku akitaka jambo hili ilimpasa awe na fedha za kwenda India au Nairobi. Mloganzila walianza kuweka puto mwishoni mwa 2022, wakati Profesa Mohamed Janabi akiongoza Muhimbili na tawi lake hilo, yule aliyewasumbua Watanzania kwa kuwakumbusha sukari na wanga mpaka watu wakaanza kumtania. Mwaka 2023 wakaingia kwenye upasuaji wenyewe, wakishirikiana na wataalamu kutoka India. Ni huduma changa bado. Kwa hiyo muulize daktari atakayekupasua, uso kwa uso na kwa adabu: amefanya slivu ngapi kwa mkono wake, na baipasi ngapi? Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo. Jibu lake lina uzito kuliko jina la upasuaji.

Sasa tuje kwenye karatasi yako.

Puto ni mpira laini unaoingizwa kwa mdomo ukiwa umelazwa usingizi, kisha unajazwa maji ya chumvi, kama nusu lita au zaidi kidogo. Siku za mwanzo utatapika. Mengi hutolewa baada ya miezi sita. Watu hupunguza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wao, kwako ni kama kilo 12, na puto likishatoka uzito wa wengi hurudi. Kwa aliyezidi kidogo, au anayetakiwa apungue kwanza ndipo apasuliwe, lina kazi yake. Kwa BMI ya 45 yenye kisukari, utakuwa umelipia miezi sita. Mwambie shemeji yako nimesema hivyo.

Slivu ni kisu cha kweli, ingawa wanapitia matundu madogo. Wanakata na kuondoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, kinabaki kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana watu husema hamu ya kula imekatika. Utumbo hauguswi. Mwanzoni ilikuwa hatua ya kwanza tu ya upasuaji mkubwa zaidi, madaktari wakaona wagonjwa wanapungua vizuri hata kabla ya hatua ya pili, wakaiacha isimame peke yake. Leo ndiyo inayofanywa zaidi duniani. Mtu hupungua karibu robo ya uzito. Haina kurudi nyuma, kilichokatwa kimekatwa. Na ina kasoro moja ambayo kwako si ndogo: huleta kiungulia, au humzidishia aliyenacho. Wewe uliniambia unalala na mito mitatu kwa sababu tindikali inakupanda kooni usiku. Je, hilo ulimwambia daktari? Kwenye ujumbe wako silioni.

Baipasi ndiyo kongwe, ilianzia Iowa, Marekani, mwaka 1966 kwa Daktari Edward Mason. Wanatengeneza kijifuko kidogo cha juu, cha kama mililita 30, kisha wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba wa chini kidogo. Mfuko uliobaki na mwanzo wa utumbo vinabaki ndani, lakini chakula hakipiti tena huko. Wengi hupunguza karibu theluthi ya uzito wao. Kinachowashangaza watu ni kisukari: sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijapungua, kwa sababu homoni za utumbo zimebadilika. Tena kiungulia kwa kawaida hupona. Ila ukisikia wanataja "mini baipasi", uliza kwa makini. Ile ina kiungo kimoja badala ya viwili, na nyongo inaweza kupanda juu. Mwenye koo kama lako asiikubali kabla hajaelezwa.

Usifikiri nimemaliza kwa kusema baipasi ina nguvu zaidi. Hapa ndipo ninapotaka utulie usome polepole, maana upasuaji ni saa mbili au tatu, na maisha ya baada yake utayaishi hapa, kama kilomita 900 kutoka kwa aliyekupasua.

Chukulia goti lako. Leo likikuuma unakwenda duka la dawa muhimu, unasema "nipe diklopa", unapewa vidonge vya diklofenaki, au unachomwa sindano na kurudi sokoni kwako. Baada ya baipasi, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni mwiko kwako. Husababisha kidonda pale kijifuko kilipoungana na utumbo, na kidonda hicho huweza kuvuja damu au kutoboka kabisa. Panado unaruhusiwa. Nataka utengeneze kadi, uiweke ndani ya pochi pamoja na kitambulisho, iandikwe kwa Kiswahili kikubwa: "Nimefanyiwa baipasi. Nisipewe diklofenaki." Siku ukianguka kwenye bodaboda huwezi kuongea, kadi itaongea. Hata kwa slivu ningekukataza kuzizoea dawa hizo, ila kwa baipasi hakuna mjadala.

Halafu vitamini. Chakula kikikwepa mwanzo wa utumbo, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 haviingii vya kutosha. Utavinywa maisha yako yote, na B12 pengine kwa sindano. Mtu akiacha kwa sababu "najisikia vizuri", miaka miwili baadaye anakuja na upungufu wa damu, ganzi miguuni, anapoteza nguvu. Wewe hedhi yako ni nzito, damu yako tayari iko chini. Kabla hujapanda basi, nenda kwenye famasi za Tukuyu uulize nini kinapatikana mwaka mzima na bei yake kwa mwezi. Piga hesabu hiyo pamoja na faida ya biashara yako ya ndizi, kisha uone kama mwezi mbaya wa biashara utakukatisha dawa. Vipimo vya damu mara mbili kwa mwaka utafanyia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Slivu nayo inataka vitamini, lakini ikitokea umekosa kwa muda, inasamehe zaidi.

Sukari nayo iangalie. Ukishapasuliwa, dawa ulizozizoea lazima zipunguzwe na daktari, hasa kama watakuwa wamekuwekea glibenklamidi au insulini. Ukiendelea na dozi ya zamani kwa mfuko wa chakula wa sasa, utaanguka kwa sukari kushuka. Na soda, chai ya sukari nyingi au maandazi matatu yatakufanya utokwe jasho, moyo uende mbio, na uharishe. Hivyo ndivyo mwili wa baipasi unavyokataa vitu vitamu.

Kuhusu hatari ya kisu chenyewe nitakwambia ukweli bila kukutisha. Kwenye vituo vyenye uzoefu hufa karibu mtu mmoja kati ya elfu. Kinachoogopwa ni mshono kuvuja siku za mwanzo, na damu kuganda mguuni. Homa, mapigo ya moyo kupita 120, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani: usisubiri asubuhi. Kwa sababu hiyo hutapanda basi la Tukuyu wiki ile ile ya kuruhusiwa. Utakaa Dar wiki tatu angalau, karibu na hospitali, halafu ukisafiri utashuka na kutembea kila basi linaposimama. Kukaa kitini mchana kutwa na mshono mbichi ni kuitafuta damu igande.

Sasa mambo ya nyumbani ambayo kliniki hawatakwambia. Msibani utafanyaje? Unaijua sahani ya msibani kwetu: wali hadi ukingoni, mbalaga, maharage, nyama juu, na ukiacha chakula wanasema umedharau. Omba sahani ya mtoto. Anza na nyama na maharage, tafuna mpaka iwe uji, ukishiba weka chini, wala usinywe maji mpaka nusu saa ipite. Unahitaji protini kama gramu 60 kwa siku, na yai moja lina gramu sita tu. Rungwe tumebarikiwa maziwa, basi mtindi uwe rafiki yako. Kimpumu uachane nayo. Baada ya upasuaji huu pombe hupanda kichwani haraka, na wapo walioacha chakula wakaangukia kwenye chupa.

Na maneno ya watu. Utapungua kilo 30 ndani ya mwaka mmoja, na huku mtu akikonda haraka jibu liko tayari midomoni: ana ngoma. Mimi nashauri usifiche. Waambie wenzako wa sokoni mwenyewe kwamba umefanyiwa upasuaji, kabla hawajakutungia yao. Siri italinda aibu ambayo huna.

Lingine ni la mama na binti. Uzito ukishuka, uzazi hurudi upesi, hata kwa aliyekaa miaka bila kushika mimba. Najua mnataka mtoto wa pili. Mngoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, maana mtoto anayetungwa wakati mama anapungua haraka anakosa vyakula tumboni. Na vidonge vya majira usivitegemee, baada ya baipasi vinaweza visifyonzwe sawasawa. Weka kipandikizi au kitanzi kabla hujatoka Dar.

Umeuliza pia habari za sindano za Ozempic. Zinafanya kazi, watu hupungua kweli, lakini ukiacha kuzichoma, uzito unarudi, na kila wiki ni fedha. Kama unaweza kuzilipia miaka yote, zizungumze na daktari. Kunyonya mafuta usikuguse kabisa, hakutibu kisukari wala presha, ni mambo ya umbo tu.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kwa kisukari chako na hicho kiungulia cha usiku, nakushauri baipasi, ikiwa daktari ana mkono uliozoea, na ikiwa hesabu ya vitamini inasimama hata mwezi mbaya. Endoskopia, ile kamera inayopitishwa kooni, ikionyesha koo lako ni zima, na hesabu ya dawa haisimami, chukua slivu bila kinyongo. Puto liache. Wakiwa wanaingiza kamera, waombe wapime na wale bakteria wa vidonda vya tumbo ili watibiwe kwanza, kwa sababu baada ya baipasi kamera ya kawaida haifiki tena kwenye ule mfuko uliobaki. Bei uombe kwa maandishi, ya vipimo, ya upasuaji, ya kulala na ya kliniki za kurudi.

Gharama ya kukaa Dar isikutie hofu, tumeshaongea na mama yako, na mimi nitakuja kukaa nawe. Nitumie majibu ya endoskopia na ya kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Usisaini karatasi yoyote kabla sijayasoma.

Ni mimi,
Mama yako mkubwa,
Masoko, Tukuyu