Mkunga Mnono Namwachia Bahari

Kwa miaka mingi, mvua zikianza na maji ya Sabaki kuwa mekundu, nilitega migono nikimlenga samaki mmoja: mkunga mkubwa mwenye tumbo jeupe, anayeteremka kuelekea baharini. Hakuna samaki wa mtoni mtamu kama yeye. Ukimbanika hahitaji tone la mafuta. Hutoa yake mwenyewe, yakatiririkia makaa, na nyama ikabaki laini.

Kilichonibadilisha ni kuelewa kazi ya mafuta hayo. Mtaalamu mmoja wa samaki alitufafanulia palepale mtoni. Mkunga wa Ulaya, aliyepimwa sana, ana mafuta karibu gramu 12 katika kila gramu 100 za nyama mbichi. Tilapia ana kama gramu 2 tu. Zaidi ya nusu ya mafuta ya mkunga ni ya jamii ya asidi ya oleiki, ileile inayojaa katika mafuta ya zeituni. Omega-3 nayo imo. Na mkunga anapopevuka tayari kuondoka, mafuta yanaweza kufika robo ya uzito wake.

Hayo ndiyo masurufu yake. Akishaingia baharini hali tena. Utumbo wake hunywea. Mafuta humpa nguvu ya kuogelea, na mengine huyatumia kutengeneza mayai. Mikunga wa mito yetu huaminika kutaga mbali, mashariki ya Madagaska, kisha hufa. Watoto huletwa na mkondo wa bahari, miili yao ikipenyeza mwanga kama kioo, hadi kwenye milango ya mito. Mtoni hakuna anayezaliwa. Na yule mkubwa, mnono kuliko wote, kwa kawaida ni jike.

Tangu nilipolielewa hilo, mvua zikianza naiondoa migono yangu. Wakati wa kiangazi navua wachache, wale wa manjano ambao bado wanakua, na nawapika hadi waive kabisa, maana damu mbichi ya mkunga ina sumu inayokwisha kwa moto.

Wavuvi wenzangu, mkunga wa Ulaya aliorodheshwa mwaka 2008 kuwa hatarini kabisa kutoweka. Wa kwetu bado wanapanda mto. Tukimwachia jike mnono njia ya kwenda kutaga, wajukuu wetu nao watavua.