Pawasoo Ilipoanza Kuimba

Ilizima saa tatu kasoro asubuhi, katikati ya shamba la mivinje, nje kidogo ya barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi. Haikukohoa wala kupunguza mwendo. Ilikuwa inaimba, sauti nyembamba na safi kuliko nilivyowahi kuisikia, halafu ikanyamaza kama redio stima zikipotea. Nikavuta kamba. Kamba ikagoma. Nikaikanyaga mpini wa nyuma, nikavuta kwa mikono miwili, na hapo nikajua.

Mwenye shamba, babu yake rafiki yangu wa chuo, alikuwa ameketi juu ya gogo kivulini.

"Enjinia," akaniita, "chombo chalala?"

"Imeshika moto kidogo, Babu. Ngoja ipoe."

Nilimdanganya mzee wa watu. Haikuwa ya kupoa. Na haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mjomba, na Mjomba alikuwa Molo, kilomita mia saba hivi kutoka hapo, akiamini kwamba nimeibeba salama ndani ya gunia.

Nilienda kwa Mjomba baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Karo iliisha, basi. Hadithi yenyewe haina utamu wowote na kila mtu mtaani anaye mtu kama mimi kwao. Mjomba hakuniuliza maswali. Alinipa gambuti za marehemu babu na kuniambia kazi inaanza saa kumi na mbili unusu.

Kazi yake ni miti. Yeye huangusha, mimi nasafisha, yaani nautoa mti matawi yote mpaka ubaki gogo tupu. Watu hudhani kazi ngumu ni kuangusha kwa sababu ndiyo yenye kelele na watoto huja kutazama. Lakini mti huanguka mara moja. Matawi ni mamia. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, Februari 2018, Mjomba alihamia mashamba ya watu binafsi, na saipresi za mashambani hazijawahi kupogolewa na mtu. Zina matawi kuanzia kwenye kifundo cha mguu. Marufuku ilipotangazwa kuondolewa, Julai 2023, tena pale pale Molo, alikuwa ameshazoea wateja wake wa mashambani, na mgongo wangu ulikuwa umeshaisha.

Mashine kubwa ya Mjomba ni ya sisi 70 hivi. Kabla hata hujaifunga ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka (mafundi huuita baa), ishapita kilo sita. Iinue na kuishusha mara mia tatu ukiwa umeinama, halafu uje tuongee. Ndiyo maana akanunua ile ndogo, sisi 30, kilo nne kasoro. Ilikuwa nyepesi, lakini mvivu ajabu. Ukiibana kidogo kwenye tawi la unene wa mkono, inalala.

Hapo ndipo mimi, mwanafunzi wa zamani wa uhandisi, nikaona fursa.

Nilianza na meno, kwa sababu tupa haina gharama. Ya milimita 4, pembe ya digrii 30, mapigo matatu kwa kila jino, upande mmoja kwanza halafu mwingine. Siku hiyo tu mashine iligeuka. Vumbi lilikoma, zikaanza kutoka chipsi. Ningeachia hapo ningekuwa nimepata nusu ya faida yote, na hili nalisema kwa kila mwenye pawasoo: kabla hujalaumu injini, noa.

Sikuachia hapo. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachoamua jino litauma kina gani. Nilikishusha, nikadhani kuuma zaidi ni kukata zaidi. Kwenye gogo nene labda. Kwenye tawi jembamba linalochezacheza, cheni ilidaka badala ya kukata, na ncha ya baa ikaruka kuja usoni kwangu. Breki ilishika. Nilisimama nikitazama cheni ikiwa imetulia mbele ya kidevu changu, nikasikia harufu ya saipresi kama mara ya kwanza. Mjomba aliona yote. Alikuja, akaitoa ile cheni, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akarudi kwa mti wake bila neno. Kesho yake nilinunua cheni mpya, na baa fupi ya inchi 12 badala ya 14. Ni uzito mdogo mbele, na ncha hiyo niliyoanza kuiogopa hainitangulii mbali sana.

Baada ya hapo tukaenda kwa Fundi, jamaa anayetengeneza pawasoo na bodaboda kwenye kibanda kimoja karibu na steji. Alifungua salansa akanionyesha tundu la moshi. Kidole changu kidogo hakikuingia. "Sasa hii itapumua namna gani?" akauliza. Akatoboa tundu la pili, milimita 8, akalielekeza mbele lisije likachoma plastiki. Ule wavu wa kuzuia cheche aliuacha, na usikubali fundi yeyote autoe. Majani makavu ya saipresi hushika moto kama karatasi.

Lakini injini ikitoa moshi kwa urahisi, inavuta hewa zaidi, na hewa zaidi inataka petroli zaidi. Kabureta iliyokuja na mashine ilikuwa na skrubu moja tu, ya kurekebisha mwendo inapopumzika. Tukaweka nyingine yenye tatu. Iliyoandikwa L ni ya mwendo wa chini, H ni ya mwendo wa juu, na ya tatu ni ile ile ya kupumzika. Ukikaza unapunguza petroli, ukilegeza unaongeza. Unaanza na L, unafuata ile ya kupumzika mpaka cheni isimame kabisa ukiachilia mafuta, na H inakuja mwisho.

H ndiyo iliyonifunza kusikiliza. Fundi aliinua mashine, akabana mafuta hadi mwisho bila kugusa mti. Ilitoa sauti chafu, ya kugugumia, kama mtu anayesukutua maji kooni.

"Unasikia hiyo? Usiiondoe."

Akaigusisha kwenye kipande cha mbao. Mgugumio ukapotea, sauti ikanyooka, chipsi zikaruka. Akaitoa, mgugumio ukarudi. Hiyo ndiyo siri yote, bana. Injini hii haina oili yake ya ndani. Inalainishwa na ile oili unayochanganya na petroli, mililita 20 kwa kila lita. Petroli ikizidi kidogo, oili inazidi kidogo, na pistoni inapona. Ukiisafisha sauti mpaka iimbe, umeinyima petroli, na umeinyima oili papo hapo.

Mashine ikawa fiti kabisa. Mti ulionichukua dakika 20 ukawa wa dakika 12 au 13. Watu wa mashamba ya jirani wakaanza kuniletea zao ninoe. Nilikuwa na kitu mkononi ambacho nilikielewa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuwa nimesikia hivyo tangu niache chuo.

Rafiki yangu alipopiga simu kwamba babu yake anataka kuvuna mivinje, vijiti vya kujengea, niliona ni kama nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi. Usiku wa kuamkia safari nilikaza H kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko. Kwa baridi ya Molo mgugumio ulionekana kuzidi, na mimi nilitaka mashine iende ikiwa imenyooka. Yeye alikuwa amemaliza digrii. Mimi nilikuwa nakwenda na pawasoo.

Alinitambulisha, "Babu, huyu ni enjinia." Sikumrekebisha.

Asubuhi nilipoiwasha, ilipiga kwa mvuto wa kwanza. Niliibana mafuta, na hakukuwa na mgugumio hata kidogo. Sauti ilikuwa moja, kali, kama mbu mkubwa. Nikafurahi. Nikajiambia joto la pwani limeipendeza.

Babu alikunja uso. "Enjinia, chombo chako chalia sana."

"Ndivyo inavyofaa, Babu."

"Mimi nimevua miaka mingi kwa mashine ya boti. Ikilia hivi, sisi twaizima."

Nilitabasamu, lile tabasamu la adabu tunalowapa wazee tukiwa hatuwasikilizi. Mvinje ni mti mgumu. Mashine ilifanya kazi kwa kama dakika 40, nikisafisha mti baada ya mti, rafiki yangu akirekodi video.

Ilipogoma niliingia nayo nyuma ya nyumba, nikafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Nikatoa salansa na kumulika kwa simu. Ubavu wa pistoni ulikuwa umekwaruzwa kuanzia juu mpaka chini.

Nilichuchumaa pale, nikakumbuka darasa. Si kwa mbali, nililikumbuka kabisa, na upande wa ukumbi niliokuwa nikikaa. Mgandamizo, ujazo, joto. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama robo tatu tu ya lile la pwani. Skrubu iliyowekwa kwa hewa nyembamba ya Molo, nami nikaikaza tena juu yake, ilikutana na hewa nzito ya Kilifi na petroli ile ile kidogo. Nilikuwa nimefanya hesabu hizo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kilichokuwa kikiniuma miaka miwili ni kwamba sikumaliza chuo. Siku hiyo kiliniuma kile ambacho nilikuwa nimekimaliza.

Nilirudi nikamwambia Babu ukweli wote, kwamba mashine imekufa, si yangu, na mimi si enjinia.

"Najua," akasema. "Enjinia angekuja na mashine mbili." Akamwita kijana alete panga.

Tulisafisha mivinje iliyobaki kwa panga, siku mbili na nusu, mimi na wajukuu wanne. Viganja vilitoka malengelenge. Alinilipa nusu ya tulivyokubaliana, nami nikaona ni nyingi. Aliendelea kuniita enjinia, na mpaka leo sijui kama ilikuwa mzaha.

Mjomba aliishika ile pistoni nilipomkabidhi, akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka juu ya kabati kando ya redio. Iko hapo bado. Fundi aliisafisha silinda kwa asidi mpaka aluminiamu iliyoganda ikatoka, tukanunua pistoni na pete mpya. Pesa zilikatwa kwenye mshahara wangu kwa wiki sita. Katika wiki hizo Mjomba alisema jambo moja tu kuhusu Kilifi, tukiwa tunakunywa chai shambani: "Huyo mzee alikuambia izimwe?"

"Aliniambia."

Akamimina chai iliyobaki kwenye nyasi.

Sasa mashine ina mkanda mweupe juu ya tangi, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito. Mstari wa kwanza unasema Molo na mizunguko ya H kuanzia ikiwa imefungwa. Wa pili unasema Nakuru, kwa sababu tuna mteja huko chini na nikifika naifungua kidogo kabla ya kugusa mti wowote. Wa tatu unasema Kilifi. Babu amepiga simu, ana mivinje mingine ya Desemba, na Mjomba amesema niende. Mstari huo bado hauna namba. Nitaujaza nikifika, yeye akiwa ameketi pale kwenye gogo lake.