Mikumi: Tembo Walikula Ada ya Rafiki Yangu

Mwezi huu nakupeleka Mikumi. Ila kabla hujafunga begi, ngoja kwanza nikusimulie nilivyomwaibisha shoga yangu mbele ya kosta nzima.

Ilikuwa 2007. Tulikuwa chuoni Kilosa, timu ya netiboli, wasichana kumi na wawili na madam wetu wa michezo. Tulikuwa tumetoka kubeba kikombe cha bonanza, na madam akasema safari hii hakuna pilau, tunakwenda kutembea hifadhini. Wee! Bweni halikulala. Maana hebu fikiria: Hifadhi ya Mikumi ipo tangu 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na kipande chake kimo humohumo wilayani Kilosa. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona, na sisi tuliokuwa nayo pua na mdomo hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia.

Timuni tulikuwa tunaitana kwa namba. Mimi Jidii, kwa sababu nilicheza GD. Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa Senta, na kwao ni Ulaya. Usicheke! Kilosa tuna Ulaya yetu, ni kata iko njiani ukielekea Mikumi. Mwaka wa kwanza kila alipoulizwa kwao wapi, watu walidhani anajishaua.

Mchango ulikuwa shilingi 5,000. Senta akasema haendi. Kulikoni? "Sijisikii tu." Mimi nikajua ni hela, maana muhula ule alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada. Nikamlipia kimyakimya, nikamwambia jina lake lishaandikwa, akaja. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwema. Lakini huu mdomo wangu!

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Enzi hizo njia ilikuwa vumbi tupu, unafika nywele nyekundu kama umepaka hina. Nyimbo, makofi, kila mtu na chapati yake mkononi. Tulipofika Ulaya mmoja akapiga kelele: "Senta, shuka basi ukatuombee chai kwa mama!" Senta akageukia dirishani. Nikaona nimtetee. Nikaropoka: "Mwacheni jamani, hata mchango nimemlipia mimi."

Kosta ikanyamaza. Ile nyamaza ambayo unasikia mpaka boliti za viti. Senta hakunijibu, alivuta kanga yake akajifunika mabegani, na mpaka tunaingia kwenye lami pale Mikumi mjini hakuniangalia.

Hiyo lami ndiyo barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na inapasua hifadhi katikati. Kwa hiyo hata kabla ya getini tulishaona twiga na nyani kibao, bure. Ndani, askari wa hifadhi akapanda kutuongoza. Tukashuka kwenye mbuga ya Mkata, nyasi za dhahabu mpaka macho yanachoka, milima ya Uluguru kwa mbali. Akatuonyesha na mikumi yenyewe, ile mivumo mirefu iliyotoa jina. Pundamilia, nyumbu, nyati. Tulipiga picha mpaka filamu ya madam ikaisha.

Halafu tembo. Wanane, na kadogo kamoja kanakojificha chini ya tumbo la mama yake, mkonga haujui ukae wapi. Kosta nzima ikawa inanong'ona "jamani, jamani!" Mimi machozi yalinilengalenga, sikufichi.

Senta peke yake hakuinuka kitini. "Mimi nishawaona," akasema. "Hao ndio walikula ada yangu."

Ndipo nikajua. Shamba la baba yake liko upande unaopakana na pori. Msimu uliopita mahindi yalikuwa yamekomaa, yanasubiri siku tu. Baba na kaka walilala kwenye dungu wiki tatu, wanapiga madebe na kuwasha moto. Usiku mmoja mvua ikanyesha, moto ukazimika. Asubuhi hapakuwa na shamba. Na mimi nilidhani mwenzangu ana kisirani na mchango wa 5,000!

Akamgeukia askari, kwa adabu kabisa: "Shikamoo. Samahani, huyu akiwa humu ni wa serikali. Akiwa kwenye mahindi ya baba ni wa nani?"

Yule baba akavua kofia, akajikuna. "Bado ni wa serikali, mwanangu. Na mahindi ni ya baba yako." Hakuongeza neno, nami nilimheshimu kwa kutotudanganya.

Kwenye bwawa la viboko tukala chakula. Nikamfuata. "Senta, nisamehe."

"Elfu tano yako nitakulipa."

"Sitaki."

"Utaichukua, Jidii."

Alinilipa baada ya miezi miwili, nyingi sarafu. Nikaichukua, nikahesabu mbele yake. Siku hiyo ndiyo tukaanza kucheka tena.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule, ingawa si yote. Kanuni za mwaka 2011 zilileta kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, kwa ekari zisizozidi 5, hela ambayo mkulima yeyote atakwambia hailingani na gunia. Upande wa Udzungwa kuna wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, kwani tembo na ukubwa wake wote anaogopa nyuki. Na tembo wenyewe walipata yao: sensa ya 2009 ilikuta karibu 39,000 kwenye eneo la Selous na Mikumi, ile ya 2013 ikakuta 13,084. Majangili. Nilipomsomea Senta namba hizo kwenye simu alikaa kimya. Mwisho akauliza, "Na kale kadogo?"

Ukitaka kwenda, nenda Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakikusanyika majini. Mzawa analipa kwa shilingi, pungufu mno kuliko mgeni, kwa hiyo usijitetee. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi kuliko unavyozipenda wewe. Chakula wafiche nyani. Wa Dar, tangu 2024 treni ya umeme ina stesheni Kilosa, lakini ukiwa na gari pita Morogoro, na mle hifadhini punguza mwendo.

Sisi tunarudi mwaka huu, saba kati ya wale kumi na wawili. Senta anakuja na wanawe wawili. Ameshanitumia mchango kwa simu, wa kwake na wa kwangu.